Jipu la Daktari wa Mifugo

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, upande wa tangi la maji.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, wewe na wifi na wale mapacha ambao kwenye picha ya mwisho naona wamenizidi kimo. Goti lako linaendeleaje? Wifi aliniandikia kwamba siku hizi ngazi za pale kiwandani unazipanda upande upande kama kaa, na ukiulizwa unasema ni mazoezi. Nenda hospitali, kaka. Mimi napiga picha za eksirei za magoti kila siku ya kazi, na nayajua vizuri magoti ya watu wanaosema ni mazoezi.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, anagomba. Jicho la kushoto sasa linaona ukungu mtupu, na la kulia linamwonyesha kile anachotaka kuona. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Mwenyewe anasema hana haraka. Bado anasogeza vitanda kutafuta vumbi ambalo hawezi kuliona, na ajabu ni kwamba analipata.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara amehama. Chumba chake sasa kinauza vifuniko vya simu, na nguo zangu mbili zimepotea pamoja naye.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae na kalamu, maana wewe na mimi tumezoea ujumbe wa simu wa "mzima?" na "mzima", na hili haliingii humo.

Nilitaka kununua gari. Najua hapa utaiweka barua chini kidogo. Ichukue tena. Si gari la kwendea kazini, kazini naenda kwa miguu. Ni jipu, fupi, la milango miwili, paa la turubai, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nililiona limeegeshwa nje ya duka la dawa za mifugo, karatasi ya kuuzwa imebandikwa kwenye kioo, na nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Mwenzangu wa chumba cha picha alipojua, alisema wanawake wa umri wetu hununua friji. Mama alisema jipu ni la kutumbua, si la kununua, na akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Nililitaka kwa raha tu, kaka, sina sababu nyingine ya kukupa. Unakumbuka Jumapili zile, baba akishamaliza wiki nzima ya kupima mashamba ya watu, alivyotupakia nyuma na kuiacha barabara makusudi. Alikuwa akisema wiki nzima amenyoosha mistari, Jumapili anataka kupinda. Mimi nilikuwa nashika lile bomba la paa na wewe unanishika mimi. Tangu tumzike, miaka kumi na moja sasa, sikuwa nimepanda kitu chochote kinachotoka barabarani. Na wewe najua hujashika spana. Wifi aliniambia kwamba hata bomba la jikoni mnamwita mtu.

Mwenye gari ni daktari wa mifugo aliyestaafu. Alikuwa analiuza kwa sababu ya mgongo. Nilimwuliza kama ni gari la kutegemewa. Akafikiri, kisha akasema, "Halijawahi kuniacha njiani. Limewahi kunichelewesha." Nikampenda kwa jibu lile, lakini nikaenda kumtafuta Fundi Sikio alichunguze.

Bado yupo, kaka. Yupo kwenye karakana ileile aliyokufundishia kazi, amepinda kidogo, na bado anaweka mpini wa bisibisi ndefu kwenye sikio na ncha yake juu ya injini, anafumba macho na kusikiliza kama daktari. Alilisikiliza jipu hilo asubuhi nzima. Akaniambia linavuja mafuta nyuma ya injini, sili, ule mpira wa kuzibia, imekauka. Gia ya tatu inajitoa yenyewe ukiteremka mlima. Bati chini ya miguu ya dereva limeliwa na kutu, ukitazama vizuri unaona barabara. Injini yenyewe ni nzuri. "Ni kama mzee mwenye meno mabovu na moyo mzima," alisema. Kisha akasema gari la namna hii halipimwi mjini, tupande nalo uwanda wa juu. Nilikuwa nimeshakubali kabla sijatambua ni barabara ipi.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, jua kali. Tulipita machimbo ya kokoto, tukashika ile njia ya mawe. Sikuwa nimeipita tangu siku zile. Fundi akaniachia usukani kwenye mteremko wa kwanza. Gia ya tatu ikaruka, jipu likatoka kwenye njia na kuingia kwenye majani, likadunda mara tatu, turubai likapiga kelele kama bendera, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kaka, kicheko kile cha kushika bomba la paa. Halafu nikaona ni wapi nimechekea, nikafunga mdomo. Nilijiona kama mtu aliyecheka msibani.

Tulipofika juu, kwenye tambarare ile yenye miamba iliyolala kama mifugo, Fundi akaniambia nizime injini anataka kuisikiliza inavyopoa. Nikazima. Tukakaa. Kisha akaniambia niwashe, na halikuwaka. Nilizungusha ufunguo mara nne. Halikutoa hata kwikwi.

Sijui nikueleze vipi. Palikuwa na mwanga mwingi, na upepo, na hakuna chochote kingine. Nilijikuta naangalia chupa ya maji iliyokuwa kati yetu, ilikuwa nusu. Nikaanza kutazama ile miamba mmoja baada ya mwingine, maana ni chini ya mmojawapo ndipo wachungaji walipomkuta baba siku ya tatu, viatu amevivua na kuvipanga kando yake kama mtu aliyefika kwake. Mikono yangu ilishindwa kuachia usukani. Nilikuwa na hakika kwamba nikigeuza shingo nitamwona anakuja kutoka kule, anatembea polepole, anatafuta gari.

Fundi Sikio alikuwa ameshafungua boneti. Akagongagonga kitu. Akasema kichwa cha betri kimelegea, ni mtikisiko tu, nimpe dakika mbili. Halafu akasema bila kuniangalia, kama mtu anayeongea na nati, "Hili ubovu wake unaonekana. La mzee halikuwa na hata kikohozi."

Nikamwuliza la mzee yupi.

"Baba yako. Nililiendesha mimi kutoka hapahapa. Baba yako mdogo alinipa ufunguo, walikuwa wameutoa mfukoni mwa marehemu. Lilikuwa limeegeshwa vizuri, milango imefungwa, gia iko huru, breki ya mkono juu. Nikazungusha ufunguo, likawaka mara ya kwanza. Mwendo wa saa tatu mpaka nyumbani kwa baba yako mdogo, halikukohoa."

Nilimwambia sisi tuliambiwa lilimzimikia.

Akanyanyuka. Alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. "Mlielezwa hivyo ninyi pia?" akasema. "Nilidhani hiyo ilikuwa ya majirani. Baba yako mdogo aliniambia, ukisema gari lilikuwa zima, watu watauliza kama mwenyewe alikuwa mzima. Akasema niache isemwe lilizimika, gari halina heshima ya kupoteza. Na kwamba ninyi watoto atawaambia mwenyewe, ndani."

Hakutuambia, kaka. Unajua alivyoliuza lile gari wiki ileile kabla sisi hatujaliona. Tulidhani ni kwa uchungu. Sasa na yeye yuko chini ya udongo miaka miwili, hakuna wa kumwuliza.

Fundi akaniuliza, "Kijana wangu anajua?" Nikamwambia hujui. Nikamwambia jinsi mtu mmoja pale msibani alivyouliza ni nani aliyelitengeneza lile gari mara ya mwisho, na wewe ukatoka chumbani na bakuli la kunawia mkononi, na hukurudi mpaka jioni. Nikamwambia miezi minne baadaye ulipanda ndege. Alidhani uliondoka kufuata kazi. Akakaa kwenye bampa ya mbele, akafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

"Ile pampu ya mafuta nilimwona akiifunga," alisema. "Nilisimama nyuma yake. Mimi nisingeifunga vizuri zaidi ya vile."

Kaka, lisome hili mara mbili. Pampu yako ilifanya kazi. Ilimfikisha baba kule juu salama, na ingemrudisha. Alizima gari mwenyewe, akafunga mlango, akaondoka.

Jipu liliwaka. Tuliteremka. Tulipofika getini mama alikuwa amesimama nje, amelifungua geti pande zote mbili, jambo ambalo hajalifanya miaka yote hii kwa sababu hakuna gari la kuingia. Alikuwa amesikia injini toka kwenye kona. Akaelekeza uso wake upande wa dereva, akauliza, "Umechelewa, umekula?" Niliposhuka na kumshika mkono, alisema, "Ah, ni wewe," akaingia ndani kuweka maji ya chai.

Sasa naandika kile ambacho Fundi hakijui. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Wiki mbili kabla ya siku ile, baba alikuja kunichukua kazini. Mvua ilikuwa inanyesha. Alipita mtaa wetu, akaenda, akaenda. Nilidhani anapita dukani. Akageuza, akarudi, akasimama mbele ya geti letu hili, injini inanguruma, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Hapa ni kwa nani?"

Nilicheka, nikidhani ni utani wake. Hakucheka. Baadaye kidogo akacheka na yeye, akasema uchovu. Lakini alipoweka mkono juu ya usukani niliona kiganja chake. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: kushoto kwenye tangi, geti la bluu. Mpima ardhi, kaka. Mtu aliyechora ramani ya nusu ya wilaya hii, alikuwa ameandika njia ya kwake kwenye kiganja.

Aliniomba nisimwambie mama. Alisema, "Nipe muda kidogo, nitajua la kufanya." Nikamwahidi. Na asubuhi ile ya safari aliniuliza ufunguo wa gari uko wapi, wakati ulikuwa unaning'inia pale pale unapokaa siku zote, mbele ya macho yake. Niliutungua nikampa mkononi. Nilisema, "Safari njema, baba." Nikaenda kazini.

Nilipoambiwa gari lilimzimikia, Mungu anisamehe, nilipumua. Nilisema basi si lile la kiganja, basi ni chuma tu. Nilikuona unavyokonda, nikajua unachobeba, na nikakiacha ukibebe, kwa sababu ulipokuwa unakibeba wewe mimi sikulazimika kutazama mikono yangu. Nilikusindikiza hadi uwanja wa ndege. Nilikuwa na nafasi ya kusema njia nzima.

Sijalala vizuri wiki hii, lakini mchana ndio mbaya zaidi. Wazee wanakuja kupigwa picha za mikono, ni kawaida, wanaanguka bafuni. Nawaambia waweke kiganja juu ya bamba, wakifungue. Kila mmoja, kabla sijapiga, natafuta wino. Juzi mzee mmoja aliniuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Nikamwambia hakuna, tulia tu.

Nilikusudia kuituma barua hii bila mama kujua. Lakini nimeona tumeshindwa vya kutosha kwa kufichana. Jana mchana nilimketisha jikoni nikamweleza yote, ya Fundi, ya pampu, ya kiganja. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, maana macho hayafai. Hakuacha kuchambua.

Nilipomaliza alisema, "Mimi alianza kunisahau kabla yako."

Alisema ilikuwa karibu mwaka mzima. Alimkuta amesimama chumbani hajui amefuata nini. Asubuhi ile ya mwisho alimwita kwa jina la mama yake mzazi, yaani bibi yetu, na akamwomba ruhusa ya kwenda kucheza. Naye pia alikuwa ameahidishwa asitwambie sisi. Baba alituzungukia kila mmoja kwa wakati wake, kaka, akatufunga midomo, halafu akasahau kwamba ametufunga.

Nilimwuliza mama kwa nini hakuuficha ufunguo.

"Alikuwa na furaha," alisema. "Mwaka ule wote alikuwa na hofu, anajificha. Asubuhi ile alikuwa na furaha kama kijana. Nilisema mwache aende tu leo." Kisha akaniuliza kama wewe ulijua kwamba pampu ilikuwa nzima. Nikamwambia hukujua. Ndipo akauweka ungo chini, akafunika uso kwa kanga.

Baadaye akasema nikuandikie kwamba anakuomba radhi, na kwamba hajui watu wanaombaje radhi ya miaka kumi na moja kwa barua. Mimi sijui pia. Mimi sikuombi unisamehe kwenye jibu lako. Kama hutaki kujibu kabisa nitaelewa. Nilitaka tu usiamke siku nyingine hata moja ukiisikia ile pampu.

Kuhusu jipu. Nililipima sana jambo hili, nikaorodhesha ubovu wake wote upande mmoja wa karatasi, sili, gia, kutu, betri, na upande wa pili sikuwa na la kuandika ila kwamba nilicheka. Fundi ameniambia ukweli: litanichelewesha mara kwa mara, na sehemu nyingine za spea hazipatikani tena, zitachongwa. Nimelichukua. Daktari wa mifugo alilileta mwenyewe jana alasiri, akatuachia na kamba ya kuvutia na dumu la maji, akasema hivyo viwili visishuke kamwe.

Kama siku moja utapenda, niambie hiyo gia ya tatu inafungwaje isijitoe. Si lazima.

Wakati naandika haya ni saa tisa mchana, na namwona mama kupitia dirisha. Alitoka zamani akipapasa ukuta, akalifikia jipu, akalizunguka lote kwa kiganja, akapanda. Injini haijawashwa. Amekaa kiti cha abiria, mkoba wake mapajani, kanga amejifunga kichwani kama mtu anayekwenda mahali penye upepo. Amekaa hivyo karibu saa nzima. Mlango wa dereva ameuacha wazi. Sijui kama ananisubiri mimi, na naogopa kwenda kumwuliza. Lakini nikishafunga bahasha hii nitakwenda.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa chake kilifika na mama amekataa kukivaa mpaka aone rangi yake. Wapapase mapacha kichwani kwa niaba ya shangazi yao. Fundi Sikio anakusalimu, amesema benchi lako bado lipo, anawekea makopo ya rangi. Shangazi mkubwa na mama mkwe wake wazima. Mama anakusalimu, amesema niandike tu hivyo, kwamba anakusalimu.

Mungu akulinde katika kazi zako na akupe usingizi mzuri, kaka yangu, usingizi wa mtu asiyedaiwa na marehemu yeyote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyechelewa kusema.